Kama hujui kutibu OCD ya mtoto, sema hujui! Mnatumalizia watoto

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa "pole mzazi, vuta subira" naomba mpite tu. Subira tumevuta mpaka mtoto ameacha kwenda shule.

Binti yetu ana OCD. Kwa wasioijua: si kupenda usafi, na yule rafiki yako anayepanga vitabu kwa urefu halafu anajisifu kwamba ana OCD hana lolote, ana kabati lililopangika basi. OCD ni wazo baya linaloingia kichwani bila hodi, linamtisha mtoto kwelikweli, na kinachomtuliza ni tendo fulani tu: kunawa, kuhesabu, kurudi kukagua mlango, kuuliza swali lilelile. Utulivu wenyewe haudumu. Wazo linarudi, tena likiwa na nguvu zaidi, kwa sababu ubongo umeshajifunza kwamba lile tendo ndilo lililomwokoa. Baada ya muda kufanya mara moja hakutoshi, inakuwa mara tatu, mara kumi.

Wa kwetu hana shida na mikono. Hofu yake ni kwamba atamdhuru mdogo wake bila kujijua. Anampenda yule mtoto kupita kiasi, na ugonjwa huu ndivyo ulivyo, unamkamata mtu pale panapomuuma. Basi ni maswali kutwa: "Baba, sijamsukuma? Una uhakika? Ulikuwa unaniangalia muda wote?" Ukimjibu, anashusha pumzi. Hujageuza shingo, ameanza upya. Usiku anaamka kwenda kusikiliza kama mdogo wake anapumua, kisha anarudi tena kwa sababu huenda hakusikiliza vizuri.

Sasa tuje kwa hawa wanaojiita wataalamu.

Wa kwanza aliposikia neno "kumdhuru" akabadilika sura. Akatuhoji kama kuna ukatili nyumbani. Kuuliza sikatai, ni kazi yake. Lakini majibu alishayapata, na bado akashauri watoto hawa wasiachwe pamoja mpaka "hali ieleweke". Mbele ya mtoto mwenyewe! Mnaelewa alichofanya? Mtoto anaishi na hofu kwamba yeye ni hatari, halafu mtu mzima mwenye vyeti ukutani anamthibitishia kwamba ndiyo, wewe ni hatari. Mawazo ya kudhuru ni aina ya OCD inayojulikana miaka na miaka. Mwenye mawazo hayo anayachukia, yanamtia kinyaa, anayakimbia. Huyo si mtu anayepanga kumuumiza mwenzake. Mtaalamu asiyejua kutofautisha haya mawili hana sababu ya kuwagusa watoto hawa.

Wa pili alikuwa mpole mno. Bango lake lina OCD kwenye orodha ya anayoyatibu, ndiyo maana tulimfuata. Vikao vikaenda. Mtoto anachora, anafundishwa kupumua kwa tumbo, anaulizwa wiki yake ilikuwaje. Sisi wazazi tuko nje ya mlango. Tukiuliza maendeleo tunaambiwa "bado tunajenga uaminifu". Baadaye akamfundisha mtoto kwamba wazo likija ajiambie kwa nguvu "ACHA!" Jaribu sasa hivi kujizuia usifikirie jambo fulani uone litakavyokuganda. Na sisi akatuagiza kwamba binti akiuliza tumhakikishie kwa upole kila mara kwamba hajafanya kitu. Huko kuhakikishiwa ndiko tendo lenyewe la ugonjwa wake! Yaani tulilipa pesa ili tuelekezwe namna ya kuulisha ugonjwa, na ukanenepa.

Kinachonichoma ni kwamba tiba ipo. Haijaanza jana. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika kuhusu wagonjwa wawili aliowakabilisha na kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao, wakapata nafuu. Njia hiyo, kwa kifupi cha Kiingereza ERP, ikaendelezwa mpaka leo. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2005 unaitaja kwa jina, na kwa mtoto unasema familia ishirikishwe, isiachwe nje ya mlango. Mwaka 2004 Marekani walichapisha utafiti wa watoto na vijana 112 wa miaka 7 hadi 17. Waliopata tiba hii pamoja na dawa ya sertralini, zaidi ya nusu dalili zao zilishuka karibu na kuisha. Waliopata tiba bila dawa ni kama asilimia 39. Dawa peke yake asilimia 21. Waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa ndani hawakufika asilimia 4. Takwimu hizi mimi, mtu nisiye na taaluma hiyo, nimezipata nikiwa nimelala kitandani na simu. Mwenye ofisi ya kutibu OCD alikuwa wapi?

Na hayo mazoezi ya kupumua na kutuliza mwili? Kuna utafiti wa watoto wa mwaka 2011 ambao waliyaweka kuwa kundi la kulinganishia, yaani kile ambacho tiba halisi inatakiwa ikishinde. Ikakishinda. Sisi ndicho tulichouziwa kama tiba.

Tiba yenyewe inavyokwenda si uchawi. Mtoto na mtaalamu wanaorodhesha hofu kuanzia ndogo hadi kubwa, mtoto mwenyewe akizipa alama. Wanaanza chini. Kwa wa kwetu ingekuwa labda kukaa na mdogo wake sebuleni dakika chache bila kumuuliza mtu yeyote chochote baadaye. Kisha kumpita mgongoni. Kisha kuandika kwenye karatasi "huenda nimemdhuru na sijui" na kuiacha sentensi hiyo bila kuijibu. Hofu inapanda, anaiacha ipande, hakagui, haulizi. Kidogo kidogo ubongo unajifunza kwamba hofu inaweza kukaa hapo bila kutiiwa, na kwamba lile baya alilolitarajia halikutokea. Ni kazi ngumu, mtoto atalia, na ndiyo maana lazima akubali mwenyewe na aongozwe na anayejua. Wengine nahisi wanaikwepa kwa sababu kumwona mtoto analia ofisini kwako ni vigumu kuliko kumpa penseli za rangi.

Kwenye dawa nako ni vioja. Daktari wa akili alimwandikia dozi ndogo, baada ya wiki chache akatangaza haimfai, akabadilisha. Dawa hizi kwa OCD huchukua hadi wiki 8 au 12 kuonyesha kazi, na mara nyingi dozi inahitaji kupandishwa kuliko ile ya mgonjwa wa sonona. Sasa ataamuaje haraka hivyo? Tena tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwe na onyo kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, kwa hiyo wafuatiliwe kwa karibu hasa mwanzoni na dozi inapobadilishwa. Hilo tulilisoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Yeye hakutamka. Sipingi dawa, nisieleweke vibaya, zinasaidia watoto wengi. Napinga kuandikiwa dawa na mtu asiyeinua macho kwenye karatasi zake.

Na hakuna hata mmoja aliyepima. Kuna kipimo cha OCD kwa watoto, maswali kumi tu, alama 0 hadi 40. Ukikijaza mwanzoni na kukirudia baada ya wiki kadhaa, unajua kama dalili za mtoto zinapanda au zinashuka. Bila hicho mnasema "anaendelea vizuri" kwa kuangalia nini? Anavyotabasamu akiingia?

NYONGEZA: Naona majibu. Anayesema ni utovu wa nidhamu na fimbo ingemaliza, sina muda naye. Wanaosema tumwombee, asanteni, tunaomba pia. Ninyi sina ugomvi nanyi kwa sababu hamkunitoza kwa ajili ya kazi msiyoiweza.

Mama aliyeuliza atamjuaje mtaalamu wa kweli: dada yangu, kabla hujatoa hata senti, mpigie simu umuulize kikao cha tatu au cha nne atakuwa anafanya nini na mtoto. Akianza kuzungumzia ngazi ya hofu, mazoezi ya kufanya nyumbani, na namna ninyi wazazi mtakavyopunguza kidogo kidogo kujibu yale maswali, msikilize. Muulize pia ameshatibu watoto wangapi kwa njia hiyo. Akikuambia kila mtoto ni wa kipekee na mtaona njiani, mshukuru ukate simu.

Sisi tumempata mmoja anayefanya kwa video, yuko mbali na foleni yake ni ya miezi. Kwa sasa tunafanya lile dogo alilotuagiza wakati tunasubiri: akiuliza, tunamwambia "hilo ni swali la OCD, na najua unaweza kukaa nalo," kisha tunanyamaza. Jana usiku alikasirika akabamiza mlango. Hakuuliza tena mpaka asubuhi.

Majina ya waliotupotezea muda siyatoi, msinifuate inbox.