Je, majengo ya ofisi ya miaka ya 1950 yanastahili kuhifadhiwa?

Swali: Wengi huyaona majengo ya vioo na chuma yaliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuwa masanduku tu. Je, yalindwe kama majumba ya kale?

Jibu la 1: Naam. Lever House ya New York, iliyokamilika mwaka 1952, ililindwa kisheria mwaka 1982. Baadaye, maji yalipopenya na chuma kilichoshika vioo kikaliwa na kutu, ukuta wa nje ulifanywa upya kwa kufuata sura yake ya awali.

Jibu la 2: Hata hivyo, jengo la Union Carbide, lililokuwa kwenye barabara moja na Lever House, lilianza kubomolewa mwaka 2019. Inaniuma sana, kwani jengo jipya la vioo halirudishi kazi ya Natalie de Blois na Gordon Bunshaft, wasanifu waliolibuni lile la awali.