Msaada wa haraka: pikapu inasoma joto la nje 52 hapa Pemba

Mtambwe Kwetu:
Asalaam alaykum wakuu. Nina pikapu dabo kebini ya dizeli, nipo Pemba. Ile namba ya joto la nje kwenye dashibodi imeingia wazimu. Nikipaki nikirudi naikuta 52. Nikitembea inateremka hadi 45 au 44, ikifika hapo haitaki tena. Sote tunajua hata kaskazi ikaze vipi, hapa 40 hatuijui. Swali langu ni moja tu: nikibadilisha dashibodi nzima, tatizo litaondoka? Nimepata moja iliyotumika, ipo Unguja, na muuzaji kaniambia ni ya toleo hilohilo. Nijibuni mapema, kesho napanda meli. Picha hiyo hapo, nimepiga leo saa nane mchana, gari iko kivulini.

Pweza Mkavu:
Rekodi ya dunia ni 56.7, ilipimwa California mwaka 1913. Mmebakisha kidogo tu, kazeni. Karafuu sasa tutaanika juu ya boneti.

Digo wa Tanga:
Mkuu, hiyo iko kwenye Farenhaiti. Tafuta kitufe cha kubadilisha, kazi imeisha. Watu mnapenda kutoa hela bure.

Fundi Waya:
Digo, 52 ya Farenhaiti ni kama 11 ya Selsiasi. Pemba nyuzi 11 umeziona lini? Ingekuwa Farenhaiti ingesoma tisini na kitu.

Mtambwe, waalaykum salaam. Kabla ya meli nijibu moja: asubuhi kabla hujawasha gari, inasoma ngapi?

Bi Karafuu:
Mie siyo fundi ila haya yametukuta. Gari ya mume wangu AC iligoma kabisa. Tukaipeleka gereji huko Unguja, wakatutia gesi, tukalipa. Ikagoma. Wakasema kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, tukatafuta pesa ya kompresa, ugomvi nyumbani ndiyo usiseme, mana na mtoto alikuwa anaanza skuli. Kumbe siku zote hizo dashibodi inasoma -40 na hakuna aliyeiangalia! Kijana mmoja wa mtaani kainama chini ya bampa, kakuta plagi ya kile kipima joto cha nje imechomoka. Kairudisha, AC ikawaka papo hapo. Hakutaka hata pesa, nikampa chakula.

Fundi Waya:
Bi Karafuu kaeleza vizuri kuliko vitabu. Plagi ikichomoka gari nyingi husoma -40 au huonesha vistari. Na gari ikiamini nje kuna baridi ya namna hiyo, hairuhusu kompresa kuzunguka. Mtambwe, nasubiri.

Mtambwe Kwetu:
Asubuhi inasoma 26, 27. Iko sawa. Lakini hilo si muhimu, mchana ndiyo inaharibika. Dashibodi nimeshaitolea nusu ya pesa, nataka kujua tu kama itaingia.

Fundi Waya:
Hilo ndilo muhimu kuliko yote uliyoandika. Dashibodi haipimi kitu, inaonesha inachoambiwa. Anayepima ni sensa ndogo ya waya mbili iliyo mbele ya gari. Ndani yake mna kitu ambacho joto likipanda, upinzani wake wa umeme unashuka, na gari inageuza upinzani huo kuwa nyuzi. Kutu ya kawaida kwenye plagi huongeza upinzani, kwa hiyo namba ingesoma baridi kuliko ukweli. Maji ya chumvi yakiingia yakaunganisha pini mbili, ingesoma joto, lakini asubuhi nako ingekosea. Yako asubuhi inasema kweli. Maana yake sensa ni nzima, ila inapigwa na joto la injini.

Mahali pake ni nyuma ya grili au bampa, mbele ya kondensa ya AC (ile kama rejeta inayopoza gesi), ipate upepo ambao haujapita kokote. Maji ya rejeta injini ikishapata moto hukaa karibu na nyuzi 90. Sensa ikikaa jirani na hapo unategemea nini? Gari hii imewahi kuguswa mbele?

Mtambwe Kwetu:
Haijaguswa. Imefungwa bampa la chuma tu, kwa urembo.

Bi Karafuu:
Urembo wa bampa la chuma kwa bei za sasa? Yakhe, sema.

Mzee wa Gombani:
Vijana, gari ni chombo cha kazi. Zamani tulikuwa na malori kutoka Konde hadi Mkoani, hayana AC wala namba ya joto. Ukitaka kujua joto unatoa mkono dirishani. Mnatafuta maradhi ambayo hayapo.

Fundi Waya:
Mtambwe, aliyefunga hilo bampa sensa aliiweka wapi?

Mtambwe Kwetu:
Haya. Nilikutana na ng'ombe usiku, njia ya kwenda Konde, karibu na msitu wa Ngezi. Hakuna mtu aliyeumia. Bampa la plastiki likavunjika pamoja na grili, fundi wa bati kaninyoosha, ndiyo tukafunga la chuma. Hayo nimeyaacha kwa sababu hayahusiani na dashibodi.

Na gari si yangu, ni ya ami, yuko Muscat. Kipupwe hichi anakuja. Kila wiki ananiambia mpigie picha dashibodi, aone kilomita na mafuta. Wiki iliyopita kauliza mbona joto 52, kwani mmehamia Muscat? Akianza kuuliza hivyo atataka na picha ya mbele. Ndiyo nikaona bora nibadilishe dashibodi yaishe.

Mzee wa Gombani:
Na ng'ombe wa watu umemlipa?

Mtambwe Kwetu:
Mzee, tumeelewana na mwenyewe.

Mzee wa Gombani:
Kuelewana si kulipa. Mnyama anazuka gizani, ni kweli, lakini mwendo ulikuwa ngapi? Barabara ile ina vijiji kila hatua. Na ami kakukabidhi amana. Ungempigia simu asubuhi yake angekasirika siku mbili kisha akakusamehe.

Pweza Mkavu:
Nyama iliuzwa kilo ngapi?

Halisi Tupu:
Subirini kidogo. Kuna mtu ameangalia hiyo picha? Jamaa kasema saa nane mchana. Saa ya dashibodi inasoma 8:10. Yaani saa mbili na dakika kumi asubuhi. Na mwenyewe kasema asubuhi inasoma 26. Hii picha ni ya mtandaoni. Ng'ombe hakuna, ami hakuna. Leo anauliza kama dashibodi itaingia, kesho atatokea "mdau" na namba ya muuzaji wa dashibodi. Hili ni tangazo, nimeyaona mengi.

Digo wa Tanga:
Duh. Nilijua tu. Na mimi nilimwambia Farenhaiti kwa nia njema.

Mtambwe Kwetu:
Wallahi mtu akitafuta sababu haikosi. Saa ya gari nimeiweka kwa Kiswahili. Saa nane ni 8:00. Mbona mna tabu?

Halisi Tupu:
Nani anaweka saa ya gari kwa Kiswahili?

Bi Karafuu:
Sisi! Ya mume wangu hivyo hivyo. Kila anayeazima gari anachelewa au anawahi saa sita.

Pweza Mkavu:
Sasa ami akiona 8:10 huko Muscat anadhani saa mbili asubuhi Pemba kuna nyuzi 52. Mimi pia ningepanda ndege.

Digo wa Tanga:
Huku bara ukiweka hivyo ni uchawi. Mimi saa ya ukutani yenyewe…

Fundi Waya:
Saa iacheni. Uongo au kweli, kuna wengine watasoma hapa wakiwa na tatizo hili. Mtambwe, fungua boneti injini ikiwa imepoa, fuata waya mbili nyembamba zinazoelekea mbele. Ukiipata sensa, usiichomoe. Washa swichi bila kuwasha injini, ifunge kitambaa chenye barafu, hata ya sokoni kwa samaki. Angalia namba. Ikishuka, sensa na dashibodi zote nzima. Uvumilie kidogo, gari nyingi hushusha namba haraka lakini kuipandisha hungoja mpaka ushike mwendo. Zimetengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu gari ikisimama joto la injini hujaa mbele. Hata gari nzima ukitoka kwenye foleni ya meli pale bandari ya Malindi, Unguja, itakudanganya nyuzi tatu nne, kisha inajirekebisha.

Mtambwe Kwetu:
Nimerudi. Imefungwa kwa waya kwenye kava la feni, pembeni ya rejeta. Nimeweka barafu, imeteremka mpaka 9. Nikataka kuisogeza mbele lakini waya haifiki. Fundi wa bati alikata akaunga.

Fundi Waya:
Basi umemaliza. Ongeza kipande cha waya, unga kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa moto ili chumvi isiingie. Waya mbili hizo hazina chanya wala hasi, ukizigeuza haidhuru, na urefu wa mita moja haubadilishi kipimo. Ifunge mbele ya kondensa, chini kidogo, isiguse chuma cha bampa kwa sababu chuma kikipigwa jua nacho kitakudanganya. Gharama yake haifiki nauli ya meli.

Mtambwe Kwetu:
Nimekuelewa fundi, ahsante sana. Lakini pesa ya dashibodi hairudi, muuzaji kashasema. Naona niifunge tu, kioo chake kisafi, hii yangu imechubuka.

Fundi Waya:
Ina kilomita ngapi?

Mtambwe Kwetu:
Sijauliza. Kwani?

Fundi Waya:
Gari nyingi kilomita zinahifadhiwa ndani ya dashibodi yenyewe. Ukifunga ya gari jingine, kilomita za hilo gari ndizo zitakazosoma. Na ami kila wiki anapokea picha ya kilomita.

Bi Karafuu:
Ala!

Mzee wa Gombani:
Mpigie simu ami yako. Ng'ombe atakuwa jambo dogo.

Mtambwe Kwetu:
Naweza kumwambia ilizima ikajianza upya.

Pweza Mkavu:
Ikajianza kwenye laki mbili na arobaini?

Mtambwe Kwetu:
Ngoja nimuulize muuzaji kwanza.

Kasema laki moja na tisini. Ya ami ni elfu sabini na mbili. Meli ya kesho nimeiacha.

Mgeni Chwaka:
Habari wakuu, sijasoma majibu yote. Hiyo dashibodi bado ipo? Ni ya otomatiki au manyuo?

Mtambwe Kwetu:
Ipo ndugu yangu. Manyuo. Njoo faragha tuzungumze.

Halisi Tupu:
Haya. Nilisema nini mimi?