Mtoto kutazama nyuma kwenye gari: nimgeuze lini?

Habari zenu, ndugu zangu.

Mwanangu ana mwaka na miezi miwili. Bado namkalisha akitazama nyuma, ila miguu sasa inafika kwenye egemeo la kiti cha gari, inabidi aikunje. Shemeji yangu ananiambia nimgeuze atazame mbele, maana tukigongwa miguu itavunjika. Jambo la pili: rafiki yetu anahama na anataka kutuachia kiti alichotumia mwanawe. Kwa macho ni kizima kabisa. Nikichukue? Naomba wenye ujuzi mnisaidie.

— Mama wa mtoto mmoja

---

Jibu:

Salaam dada, na hongera kwa malezi. Huwa najitolea kukagua viti vya watoto, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Usimgeuze bado. Kukunja miguu hakumuumizi. Watoto hukaa hivyohivyo wakicheza sakafuni. Kinachotutia hofu sisi ni shingo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, kila kilichomo ndani huendelea na mwendo uleule. Mtoto anayetazama mbele anazuiwa mabega na mikanda, lakini kichwa hakina kizuizi: kinarushwa mbele na shingo ndiyo inayobeba nguvu yote. Anayetazama nyuma anazama kwenye mgongo wa kiti, nao unapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Mguu ukivunjika hospitali wataufunga, utaunga. Shingo ni habari nyingine kabisa, na shemeji mwambie hivyo kwa upole, kwa sababu najua anasema kwa mapenzi.

Sweden walianza kulifanyia kazi jambo hili miaka ya 1960, Profesa Bertil Aldman alipobuni kiti cha kutazama nyuma baada ya kuona jinsi wanaanga walivyolazwa kwenye viti vyao. Huko mtoto kutazama nyuma mpaka karibu miaka 4 ni kawaida. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, R129, inadai apite miezi 15 kabla ya kugeuzwa, kwa hiyo kama kiti chako ni cha kanuni hiyo, wako hajafikia hata kima cha chini. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanashauri abaki hivyo hadi afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chenyewe. Kikomo hicho kimeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa kiti. Soma hicho, usihesabu siku za kuzaliwa.

Ila kiti kizuri kilichofungwa ovyo hakimsaidii mtoto, na viti vingi ninavyoletewa shida yake ni hiyo. Shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, si kileleni, kisha kisukume kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, kimelegea. Weka goti au kiganja ndani ya kiti, kikandamize, vuta mkanda tena. Kama unatumia vishikio vya ISOFIX (vile vinavyonasa kiti moja kwa moja kwenye vyuma vya gari), usiongeze na mkanda wa gari juu yake mpaka kitabu cha maelekezo kiruhusu. Na kama kiti kina mguu wa chini wa kukiegemeza sakafuni, ukanyage sakafu imara, usisimame juu ya kifuniko cha kisanduku kilichofichwa sakafuni.

Halafu mikanda ya mtoto mwenyewe. Akitazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akija kutazama mbele, usawa wa mabega au juu yake. Ukiikaza, jaribu kuifinya kwa vidole pale kwenye mfupa wa bega. Ukipata mkunjo wa kushika, kaza tena. Mvue koti la baridi kabla ya kumfunga, kwa sababu kwenye ajali koti linabonyea na mkanda unabaki mlegevu. Mfunge kwanza, koti umfunike juu.

Kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, usithubutu kumweka hapo akitazama nyuma. Mfuko ukifumuka unapiga mgongo wa kiti kilipo kichwa chake.

Kuhusu kiti cha rafiki: muulize wazi kama gari lake limewahi kugongwa kiti kikiwemo. Nyufa nyingine hazionekani. Kama hana uhakika, kibandiko kimebanduka au muda wa kutumika uliochapishwa umepita, mshukuru usikichukue.

---

Jibu:

Asante sana kaka. Na sisi tunaohama kutoka Uingereza kwenda Marekani, viti tulivyonunua huku tubebe? Na mkubwa wangu ana miaka 7, anaona haya kukalia kiti cha kumwinua mbele ya wenzake.

— Baba wa watatu

---

Jibu:

Kaka, usivibebe. Marekani wanataka kiti chenye maandishi kwamba kimetimiza kanuni yao ya FMVSS 213. Hiki chako chenye E ndani ya duara, yaani alama ya kupitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, hakikubaliki kule. Na kinyume chake ni vivyo hivyo.

Huyo wa miaka 7 usimwachie. Uingereza sheria ni mpaka miaka 12 au sentimita 135, lolote litakalotangulia. Mkanda wa gari ulitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima: asipoinuliwa, sehemu ya chini inamkalia tumboni badala ya kwenye nyonga, na ya juu inampita shingoni. Ajali ikitokea, mkanda wenyewe unaweza kumuumiza ndani. Mwonyeshe kwa kioo unavyopita akiwa na kiti na asipokuwa nacho. Watoto wa umri ule wakielezwa sababu huelewa.

---

Jibu:

Nawashukuru nyote. Nimeongea na rafiki, kumbe walishagongwa kwa nyuma, tumekubaliana kiti kisitumike tena. Wangu anaendelea kutazama nyuma. Jingine dogo: amemwaga maziwa kwenye mikanda, inanuka. Naweza kuiloweka na sabuni ya unga?

---

Jibu:

Usiiloweke dada, wala usiitie mashineni. Nyuzi zinapoteza nguvu. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo, rudia mpaka harufu itoke, kisha iache ikauke yenyewe mbali na jua kali. Kifungio kama kimenata, kitabu cha kiti kina ukurasa wake wa namna ya kukisafisha.