Mjadala: "Vishawishi" vya mtoto wa kike ni vitu au ni watu?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa.

Kijijini kwetu tunachangishana kujenga bweni la wasichana. Shule ya kata iko mbali, wapo watoto wanaotembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, na masika yakishika wanafika darasani wameloa wao na madaftari yao. Kamati ikanipa kazi ya kuandika barua ya kuomba michango kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kalamu" (niliwahi kusahihisha habari redioni, kabla watoto wangu hawajanistaafisha).

Rasimu niliyokabidhiwa ilikuwa na sentensi ambayo nyote mnaijua kwa moyo: "…ili kuwaepusha watoto wa kike na vishawishi wanavyokumbana navyo njiani." Nimeisikia kwenye taarifa za habari na kwenye hotuba za kuzindua mabweni. Enzi za redio ilipita mikononi mwangu sijui mara ngapi, na sikuwahi kuigusa ila kuunganisha "wanavyo kumbana" iwe neno moja. Safari hii mkono uligoma. Nikakata "vishawishi", nikaandika "wanaume wanaowarubuni njiani".

Kamati imenirudishia barua. Wanasema nimechafua lugha, nimewatukana wachangiaji, nirudishe neno la awali.

Hoja yangu inaanzia kwenye sarufi. Mshawishi yumo katika ngeli ya A-WA, ana miguu, anaweza kukamatwa. Kishawishi kimo katika KI-VI pamoja na kiti, kisiki na kichaka. Ukisema mtoto "amekumbana na vishawishi" umeshamtoa mtu kwenye sentensi. Kinachobaki ni kitu kimelala barabarani, na aliyejikwaa ndiye anayeulizwa kwa nini hakutazama anakokanyaga. Nasema neno hili tuliache tunapozungumzia watoto wa shule. Nyie mnasemaje?

Shamba Darasa

Chipsi mayai anayonunuliwa mwanafunzi ni kitu, mkuu. Tena kiko kwenye sahani. Ngeli yako imekwama hapo.

Kalamu Nyekundu

Chipsi hazijinunui.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini inaonekana hujawahi kuendesha kikao cha wazazi. Mimi ninavyo vingi mgongoni. Kwenye benchi la mbele wamekaa diwani, mtendaji, shehe na mchungaji. Nyuma yao amekaa baba wa mtoto, na pembeni yake yule yule jamaa mwenye duka ambaye kila mtu anajua. Tamka "wanaume wanaowarubuni" uone. Watu wataanza kutazamana, mmoja atauliza "unamsema nani?", na kikao kitageuka baraza la usuluhishi. Tamka "vishawishi": kila mtu ameelewa, hakuna aliyenyanyuka, na mifuko ya saruji imeandikishwa. Hiyo inaitwa tafsida, na Kiswahili bila tafsida ni matusi matupu. Hatusemi mzee amekufa, tunasema ametutoka. Hatusemi mtu anafanya nini chooni, tunasema anajisaidia.

Halafu usiwafanye watoto mbumbumbu. Wapo wanaoitaka hiyo simu wanayoahidiwa. Tukikataa kwamba binadamu hushawishika, somo la malezi tutalifundishaje?

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, tafsida nazijua na nazipenda. Ninachouliza ni inamsitiri nani. "Ametutoka" inamsitiri marehemu na wafiwa. "Anajisaidia" inamsitiri anayejisaidia. "Vishawishi" inamsitiri mwenye duka.

Kuitaka simu, nakubali. Mimi nina umri huu na bado nazitaka simu za watu. Kutaka simu si kosa popote.

Katekista Mstaafu

Wanangu, mmenigusa mahali pangu. Neno hili sisi Wakatoliki tunalitamka kila siku ya Mungu: "Usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni." Ndugu zetu Walutheri na wengine wanaofuata Biblia ya Muungano wanasema "usitutie majaribuni". Katika Kigiriki neno lililotafsiriwa ni moja, *peirasmos*, nalo lina mambo mawili ndani: kupimwa na kuvutwa kwenye uovu. "Majaribu" yameyabeba yote mawili. Ndiyo maana mtu akiuguliwa au akifiwa husemwa kapata majaribu, wala hakuna anayefikiri ametenda dhambi. "Kishawishi" kimebeba la pili tu.

Sasa sikilizeni. Mwezi Desemba 2017 Papa Francis alihojiwa na televisheni ya Italia, akasema tafsiri ya "usitutie" si nzuri, maana anayeanguka ni mimi. Baba hamsukumi mwanawe ili atazame anavyoanguka, baba humwinua. Wafaransa walikuwa wameshabadili siku hizo hizo za mwanzo wa Majilio, wakasema "usituache tuingie". Waitaliano wakabadili maneno yao kwenye Misa mwishoni mwa Novemba 2020. Waspanyola tangu zamani wanasema "usituache tuanguke". Maaskofu wa Ujerumani wao walikataa kugusa. Kote huko walikuwa wanabishania jambo moja: je, maneno yetu yanamshtaki asiyehusika? Yakobo alishaonya: "Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu."

Binafsi nilikuwa upande wa Wajerumani. Sala niliyofundishwa na mama siigusi. Lakini nimesoma habari ya barua ya huyu binti mleta mada, nikajiuliza: tumetoka jasho kumwondolea Mungu lawama isiyo yake, na mtoto wa kidato cha pili je?

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Hapo umenipiga chini ya mkanda.

Katekista Mstaafu

Marahaba. Sikupigi, nawaza tu.

Mpemba wa Muscat

Asalaam aleikum. Mtaniwia radhi nimechelewa, huku saa zetu ziko mbele lakini kazi zinaturudisha nyuma.

Maneno ya jambo hili Kiswahili kiliyapata mengi kutoka Kiarabu, na mengi yamebadilika njiani. Chukueni "fitina". Sura At-Taghabun, aya ya 15, inasema mali na watoto wenu ni *fitna*, yaani mtihani wa kuwapima. Na asili yake wanazuoni wanaieleza kuwa ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na taka. Mswahili akasikia fitina akaifanya umbea wa kugombanisha watu. Chukueni "wasiwasi". Katika Sura An-Nas huo ni mnong'ono wa shetani kifuani mwa mtu, kishawishi chenyewe hasa. Sisi leo wasiwasi ni mama anayesubiri mtoto hajarudi shule. (Na pengine hatukukosea sana.) Kwetu Pemba likikufika zito husemi "majaribu", unasema "nimepata mtihani", na mtu wa bara akikusikia anadhani unarudia darasa.

Lakini lililonifanya niandike ni hili neno "rubuni" ambalo kamati imelikataa. Wazee walikuwa na "arabuni": malipo ya awali unayomwachia mwenye bidhaa ili asimuuzie mwingine. Mimi naliona ni ndugu yake kabisa. Anayerubuni anatanguliza kidogo ili baadaye adai chote. Sasa rudini kwenye sahani ya chipsi mayai ya Bwana Shamba Darasa. Ile ni arabuni.

Katekista Mstaafu

Biblia ya Muungano nayo inalo! 2 Wakorintho 1:22, "akatupa arabuni ya Roho mioyoni mwetu". Nililisoma miaka mingi sikuwahi kulipeleka huko.

Shamba Darasa

Haya, chipsi zangu zimehamishwa ngeli na dini kwa pamoja.

Boda Msomi

Mimi nina neno na mleta mada. Kwenye barua yako uliandika "wanaume wanaowarubuni NJIANI". Nani yuko njiani? Sisi. Kila bweni likizinduliwa tunatajwa bodaboda: lifti, lifti, lifti. Sikatai, wapo wenzetu wachafu na tunawajua kwa namba za pikipiki. Lakini mimi nimebeba mwanafunzi anarudi usiku kutoka "tuisheni" nyumbani kwa mwalimu. Nimempeleka mwingine hospitali akiwa na mjomba wake, na mjomba ndiye alikuwa anatetemeka kuliko mgonjwa. Hao hawakuwa njiani. Kama unataka kuwaita watu kwa majina, waite wote. Usimwondoe mwenye duka kwenye ngeli ya vitu halafu ukanibebesha mimi.

Kalamu Nyekundu

Kaka, umenikamata. "Njiani" nililirithi kutoka kwenye rasimu, sikulifikiria. Nalifuta.

Mwalimu wa Zamu

Ukilifuta, hoja ya bweni inaanguka. Bweni linazuia njia, halizuii mjomba.

Boda Msomi

Wala halimzuii mwalimu, mwalimu.

Mama Wawili

Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika.

Mnabishana kama ni neno tu. Tulikuwa tunasoma kidato cha tatu, tulikuwa tukipimwa ujauzito foleni moja kama wanaosubiri chanjo. Rafiki yangu akakutwa nao. Aliitwa mbele paredi, mkuu wa shule akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Mwenzenu ameshindwa kuvishinda vishawishi." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Akabeba sanduku lake la bati akaondoka. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima mwenye familia, na siku ile jina lake halikutajwa, kwa sababu kwenye sentensi ile hapakuwa na nafasi ya jina. Alishindana na vitu, vikamshinda.

Kwa maandishi sheria ilikuwa tofauti. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, msichana aliye chini ya miaka 18 na asiye mke wa huyo mwanamume, ridhaa yake haihesabiki. Huyo mtu alitakiwa kuwa mahakamani akikabiliwa na miaka 30. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezewa miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi zilikuwa na kifungu cha makosa ya maadili, na mimba ikatiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shule. Waraka wa kuwaruhusu warudi ukatoka Novemba 2021. Rafiki yangu wakati huo mtoto wake mwenyewe alikuwa anamaliza msingi.

Kwa hiyo mwalimu, hiyo tafsida yako ina watu iliowasitiri na ina watu iliowafukuza.

Mwalimu wa Zamu

Sina la kusema, dada. Pole.

Nitasema moja tu. Mimi kesho nitasimama tena mbele ya benchi lile lile, na saruji bado inahitajika.

Shamba Darasa

Niache utani kidogo. Mnaikumbuka ile kampeni ya redio ya Fataki, mwishoni mwa miaka ya 2000? Jitu zima linawinda vibinti, kila mara watu wanaliumbua. Baada ya muda hata bibi yangu, ambaye redio kwake ni taarifa ya vifo tu, alikuwa anasema "yule pale fataki". Mafataki wakawa wanaonekana baa, stendi, mpaka kwenye kwaya. Hakuna aliyesema lugha imechafuliwa. Watu walicheka na huku wanaelewa. Nadhani hapo ndipo mleta mada alikosea: "wanaume wanaowarubuni" ni ya polisi, inaogofya wote. Fataki ilikuwa ya kijiweni, ilimtisha fataki peke yake.

Mpemba wa Muscat

Nawe uliyekuja na chipsi!

Ila nawaomba msilizike neno "kishawishi" zima zima. Kina kazi yake. Mtu mzima mwenye ufunguo wa sanduku la msikiti, akalitazama, akalitazama tena: hicho ni kishawishi, wala hapana mtu mwingine pale. Tatizo ni kuuchukua msamiati wa mtu anayepigana na nafsi yake na kumvisha mtoto anayepigana na mtu.

Katekista Mstaafu

Hapo nakuunga mkono, ndugu yangu. Kwenye kitubio kina mahali pake.

Shamba Darasa

Ila "vishawishi" kwa wingi tayari ni lugha ya kuomba hela. Kikiwa kimoja unatubu, vikiwa vingi unajenga bweni.

Boda Msomi

Kwani sasa ushawishi si ndiyo sifa? Wenye wafuasi wengi mtandaoni wanaitwa watu wenye ushawishi, na wanalipwa. Shina lile lile.

Kalamu Nyekundu

Narudi na taarifa, samahani kwa kimya. Tumekaa kikao leo mchana chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nilisoma barua mara tatu. Niliwasilisha "fataki", vijana wakacheka, wazee wakakataa kwamba haifai kwenye barua yenye mhuri. Nikawaeleza habari ya arabuni. Mzee mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa nazi akatikisa kichwa muda mrefu, akasema "rubuni ibaki". Ikabaki. "Njiani" nimeifuta, Boda Msomi, na kweli sentensi ya bweni imelegea kama Mwalimu alivyosema, tumeiongezea umbali na mvua ili isimame.

Mwisho mwenyekiti akachukua kalamu, akakata "wanaume", akaandika "watu". Nikabisha. Akaniambia harambee ni Jumamosi, na kinachosomeka sasa ni "kuwaepusha watoto wa kike na watu wanaowarubuni", nikitaka nisaini, nisipotaka atamtafuta mwingine.

Nimesaini. Sijui kama nimeshinda.

Mwalimu wa Zamu

Angalau mmehama ngeli.