Mwaka mzima wa kufuma: nimemaliza saba, nimefumua nne, na hii sweta ya mzee nifanyeje?

Baridi_ya_Naks:

Habari zenu watu wa sindano. Niko Nakuru, huku Kiamunyi, na leo nimetoa kale kadaftari kangu naandikanga kila kitu nafuma nikaona wacha nihesabu mwaka umeenda aje. Januari nilikuwa sijui hata kuanzisha stichi. Desemba imeisha nikiwa nimemaliza vitu saba, nimefumua vinne kabisa hadi uzi ukarudi bonge, na kuna soksi moja. Moja, si pea. Ile ingine sijui kama itawahi zaliwa, ile kazi ya kisigino ilinitoa jasho na ilikuwa Julai na nyinyi mnajua Julai ya Nakuru. Tangu tufanywe city 2021 nilidhani hata baridi itapunguzwa lakini wapi.

Sindano nilirithi kwa shosho, chuma, zile za zamani zimeandikwa namba kwa kichwa. Stichi nikafundishwa na YouTube na mama mmoja tuko naye chama.

Skafu ya kwanza ilianza na stichi thelathini ikamalizikia arobaini na tatu, ukiiangalia inafanana na ramani ya nchi fulani. Kofia ya mtoto ilitoka kubwa na kwa sasa inavaliwa na thamosi ya chai, na chai haipoi, kwa hivyo nimeiandika kwa waliomaliza na msinibishie. Kuna shali ya mtoto wa dada yangu aliye Kisumu, nilitia bidii nikafuma na uzi mzito kabisa, kufika huko dada akaipokea akashukuru sana halafu nikaskia kwa mtu mwingine ati inalaliwa na paka. Kuna poncho ya msichana wangu, hio nilikosa uzi kidogo tu ya kumaliza nikarudi duka, nikapewa rangi ileile ya maruni, usiku kwa taa zinafanana kabisa, asubuhi kwa jua mtoto ananiuliza mami mbona nimeshonwa kiraka. Zingine ni kofia tu, hazina hadithi.

Sasa swali. Kuanzia Septemba nilifumia mzee, babangu aliye Molo, sweta ya Krismasi. Pateni nilitoa kwa intaneti, ya kifua sentimita 110, nikaifuata neno kwa neno: sindano namba 8, mbele stichi 99, nyuma stichi 99, na uzi nikanunua dabo niti, ule mwembamba kiasi, juu ndio ilikuwa duka. Bonge sita za gramu mia, kila moja 180. Nimehesabu stichi hadi kwa matatu ya Molo watu wananiangalia. Mzee akaivaa mbele ya watu wote, ikaingia, lakini wueh. Alikaa nayo lunch yote mikono imebana kwa mbavu kama kuku amefungwa kupelekwa soko, hakutaka kuniaibisha. Nilipima nayo kwa futi, ni sentimita 90 tu. Sentimita ishirini zimeenda wapi na stichi zote ziko?

Nifumue nianze upya, ama nimtafutie mtu mwembamba? Niliiacha Molo imening'inia nyuma ya mlango. Na nyinyi mwaka wenu ulikuwaje, semeni tu ukweli, hapa hatuchekani. Sana.

Mama_Sweta_Kakamega:

Pole dadangu nimecheka hio ya kuku hadi mteja ameniuliza ni nini.

Wewe hukukosea kuhesabu, umekosea namba ya sindano, na si wewe wa kwanza. Hio pateni naweza kukuapia ni ya Marekani. Sindano za shosho wako ni za vipimo vya Waingereza, na hizo namba 8 ni milimita 4. Namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5. Na sio hivyo tu, zinaenda kinyume, za Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Wamarekani ikipanda inakuwa nene. Uchawi wenyewe uko hapa: namba 8 yao ni namba 6 yetu, na namba 6 yao ni namba 8 yetu. Ndio maana mimi siku hizi nikiona pateni haina milimita naiacha hapohapo.

Hesabu yako iko hivi. Pateni ilitaka stichi 18 kwa kila sentimita 10, stichi zako 198 zigawe na 18 unapata 11, mara sentimita 10 ni 110. Wewe kwa sindano ya milimita 4 na huo uzi wa dabo niti lazima ulikuwa unapata kama 22 kwa sentimita 10. 198 kwa 22 ni 9, mara 10 ni 90. Sentimita ishirini zako ziko hapo, hakuna mtu ameziiba.

Kabla ya sweta fuma kwanza kipande cha mraba, kama sentimita 15 hivi, kioshe, kikauke, halafu uweke rula katikati uhesabu stichi za sentimita 10. Usipimie kwa pembe, kwa pembe stichi zinadanganya. Najua inaboesha. Mimi nilidharau hio kitu miaka mingi juu niliona ni kupoteza uzi.

Mwaka wangu mimi ni wa mashine, sweta za shule, na za mkono nimefuma mbili pekee. Sijui kama za mashine mnahesabu hapa, kuna mtu aliwahi niambia hio si kufuma ni kusukuma. Wacha tu aje asukume Januari shule zikifungua aone mgongo utamwambia nini.

Kamau_wa_spoki:

Mashine ni kufuma mama, usisumbuliwe.

Nyar_Dunga:

Mimi ni wa huko huko Kisumu kwenye shali zinapewa paka 😂 Dada yako msamehe. Huku mtoto akifungwa uzi mzito wa akriliki anaota joto mwili mzima, tuko chini sana kuliko nyinyi, Kisumu ni kama mita 1,130 na nyinyi mko juu ya 1,800 na hewa ya ziwa yenyewe ni ya kutoa jasho. Ukitaka kumfumia mtoto wa huku tumia uzi wa pamba, na usikaze, mshono uwe na matundu ya kupitisha hewa. Na huku tunashona kroshia, ile ya sindano moja ya ndoano, zaidi kuliko sindano mbili, angalia tu nyumba ukiingia, vitambaa vya makochi, vya meza, cha tivi hata kama tivi siku hizi iko kwa ukuta na haina mahali pa kuwekewa kitambaa.

Na hio shida ya Marekani na Uingereza kwa kroshia iko pia, tena mbaya kuliko ya sindano. Dabo ya Waingereza ndio singo ya Wamarekani, neno ni moja mshono ni mwingine. Mimi nilishona kitambaa cha meza kikatoka kirefu mara mbili ya picha, nikafikiri ni mkono wangu umelegea.

Mwaka wangu uliharibiwa na seti moja. Mama fulani alinipa oda ya seti ya vitambaa vya makochi, vipande kumi na nne, rangi ya krimu na dhahabu, ati nisijali pesa atatuma yote kwa M-Pesa nikimaliza. Nikaogopa kumuuliza diposi juu tunaenda kanisa moja na ni mtu mzima nikaona ni kumkosea heshima. Miezi miwili na nusu, usiku nikitoka kazi, hadi kidole cha kushikia uzi kikafanya mfereji. Kumaliza, simu haishikwi. Baadaye akaniambia amebadilisha makochi, sasa ni ya kijivu. Ya kijivu! Ndio hiyo seti iko kwangu kwa sanduku na makochi yangu mimi ni ya kahawia, nikiziweka zinakaa kama za kuazima. Kwa hivyo mimi sihesabu nilivyomaliza, nahesabu vilivyolipwa, na mwaka huu ni vitu vitatu. Saa hii mtu akiniambia "tuko kanisa moja" namwambia amina na nusu bei mbele.

Sweta ya mzee usifumue. Tafuta kijana mwembamba.

Kamau_wa_spoki:

Mimi niko Elburgon na ni mwanaume, nasema mapema ndio msiniite dada. Nilianza kufuma nikiwa nimevunjika mguu, nduthi (pikipiki) iliniangusha kwa tope, nikakaa nyumbani wiki nane nikiangalia ukuta. Mathe akanipatia uzi na spoki mbili za baiskeli zimesuguliwa ncha kwa simiti. Ndio hivyo walijifunzia wao, spoki ni kama milimita 2, kwa sweta utazeeka lakini kwa soksi ni sawa kabisa. Vijana wa stage ya boda walinicheka hadi wakachoka, halafu baridi ya Juni ikafika na mmoja akaja jioni akisema pole pole "si unifanyie kofia". Mwaka uliopita nimefanya kofia kumi na moja, zote za watu wa stage. Vile walivyocheka wamelipa.

Mimi napinga hapo juu, fumua. Lakini fumua vizuri. Kwanza tafuta zile sehemu umeunganisha, kwapa na ubavu, fungua huo uzi wa kuunganishia bila kukata sweta. Halafu anza mahali ulimalizia, sio mahali ulianzia, ukianzia chini itakukwama kila stichi. Zungusha uzi kwa mgongo wa kiti, ukijaa funga na vikamba mahali nne ndio usivurugane, toa, loweka kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kamua na taulo, ning'iniza na kitu kizito kidogo chini. Ikiwa ni sufu ya kondoo ile mikunjo itanyooka. Ikiwa ni akriliki itabaki na mawimbi kidogo na usijaribu kunyoosha na pasi tafadhali, akriliki ikipata pasi moto inalegea inakuwa kama utumbo na hairudi tena.

Na mjue dukani huku kila kitu kinaitwa wulu, hata ile ya kusuka nywele. Nyingi ni akriliki. Kata kauzi kadogo uchome. Sufu inanuka kama nywele zimeungua na inabaki jivu unasaga na vidole, akriliki inayeyuka inafanya kidonge kigumu cheusi. Mimi hivyo ndio huwa nachagua sweta za mitumba, natafuta ya sufu halisi imetoboka kiwiko, hakuna mtu anaitaka, naipata bei ya andazi mbili tatu, naifumua, napata uzi wa sweta ya mtoto. Angalia tu ndani kwa ubavu, ikiwa imekatwa na mashine ikashonwa ovaloki iache, ukifumua utapata vipande vipande vya urefu wa mkono.

Ile maruni ya poncho: kwa karatasi ya bonge kuna namba ya rangi halafu kuna namba ingine ya loti. Rangi zinaweza kuwa sawa na loti tofauti, hizo zimepikwa sufuria mbili. Nunua zote siku moja. Ukikosa, fuma mistari miwili ya hii, miwili ya ile, macho hayataona mahali zinabadilika.

Nyar_Dunga:

@Kamau_wa_spoki bei ya andazi? Soko ya Kibuye hapa Kisumu Jumapili mtu akiona unaiangalia kwa makini hivyo anapandisha hapohapo.

Kamau_wa_spoki:

Usiiangalie kwa makini. Angalia ile ya kando yake.

Baridi_ya_Naks:

Jamani asanteni. @Mama_Sweta_Kakamega nimerudi kwa ile pateni nikashuka hadi chini kabisa, kuna kaandishi kadogo: bei ya dola. Mimi nilikuwa nimeona picha tu. Na nimechukua bonge lililobaki nikafuma kipande, kwa rula nimepata ishirini na mbili. Kamili. Nilikaa nikaangalia hiyo rula kama dakika tano nikikumbuka matatu zote nimefumia hiyo sweta.

@Nyar_Dunga hio seti ya krimu na dhahabu, mimi makochi yangu ni maruni, tuongee inboksi, na nitatuma diposi leo usinihubirie.

Sasa ile sweta. Leo asubuhi nikapiga simu Molo kumwambia mzee nakuja Jumamosi kuichukua niifumue. Akanyamaza. Halafu akaanza kuniuliza habari ya mvua, mzee akiuliza mvua jua kuna kitu. Kumbe siku mbili baada ya sisi kuondoka alimpa yule kijana anakamua ng'ombe, ati alikuwa anatetemeka saa kumi na moja asubuhi, na imemtosha "kama imepimwa". Mathe kwa nyuma naskia anasema hata amelala nayo. Kwa hivyo swali langu lilijibiwa kabla niulize na sikuambiwa.

Nimetoka duka hapa mjini saa hii. Niliuliza sindano za milimita 5, yule mama akaniambia hana za milimita, yeye ako na namba. Nikamwambia basi nipe namba 6, akashangaa mbona sikusema hivyo mara ya kwanza. @Kamau_wa_spoki huko kwenu kuna watu wananyoa kondoo, hio sufu wanaiuza aje, kwa kilo ama kwa kondoo mzima? Mzee amesema ile ingine anataka iwe na mifuko.