Naomba ushauri: fidia ya ukame kwa malisho ya kukodi, Marekani

Wakuu, naombeni ushauri kuhusu LFP, malipo ya serikali kwa malisho yaliyoungua na ukame. Kaunti ikigusa D3 (ukame mkali sana) kwenye ramani ya ukame ya Marekani ndani ya msimu wa malisho, hata wiki moja tu, mfugaji anastahili malipo ya miezi 3. Ombi ni fomu CCC-853, na ekari lazima ziwe kwenye FSA-578, yaani ripoti ya ekari inayopelekwa FSA, wakala wa serikali wa huduma za wakulima. Hapo ndipo penye shida, na inauma: ekari 160 za kukodi, mkataba wa mdomo, mwenye ardhi keshaziripoti kwa jina lake. Ofisi ya kaunti ikitaka nakala ya mkataba, barua iliyosainiwa na pande zote baada ya ukame inakubalika, au hundi za kodi zina uzito zaidi? Na ripoti ile inarekebishwaje?