Ukiburuta kipanya, programu ichague neno zima au herufi ulizopitia tu?

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa mifano. Microsoft Word huja ikiwa na tiki kwenye mpangilio mmoja: ukianza kuburuta kipanya katikati ya neno, ukavuka nafasi na kuingia neno linalofuata, inachagua maneno yote mawili mazima hata kama ulitaka vipande tu. Msimamo wangu ni kwamba kwa anayeandika Kiswahili tiki hiyo isiwepo tangu mwanzo. Anayeitaka aiweke mwenyewe.

Sababu ni sarufi yetu. Kosa kwa kawaida halikai kwenye neno zima, linakaa kwenye kiambishi. Chukua "nyumbani kwa Juma" inayotakiwa isomeke "nyumba ya Juma". Kinachoondoka ni "ni kwa", herufi tano na nafasi moja. Unaweka kishale baada ya "nyumba", unaburuta kuelekea mwisho wa "kwa", na ukishavuka ile nafasi, kivuli cha uteuzi kinarudi nyuma na kuimeza "nyumba" yenyewe. Ukiandika marekebisho yako bila kutazama, imebaki "ya Juma" na nomino haipo. Kikagua tahajia hakitakuonya, kwa sababu "ya" ni neno halali.

Kuuzima: fungua Faili, kisha Options, kisha Advanced. Kwenye kundi la juu kabisa, "Editing options", toa tiki palipoandikwa "When selecting, automatically select entire word".

Mhariri wa magazeti

Sikubaliani nawe, ndugu. Kwanza tuuweke mpangilio huo mahali pake: hauingilii kitu mpaka uvuke mpaka wa neno. Ukitaka kugeuza "kitabu" kiwe "vitabu", unachagua "ki" peke yake na Word haikugusi. Marekebisho mengi ya ngeli hufanyika ndani ya neno moja moja: "kile" iwe "vile", "changu" iwe "vyangu". Mfano wako wa "ni kwa" upo, lakini ni wa nadra ukilinganisha na kazi ya kila siku ya dawati la habari, yaani kuhamisha virai na kufuta sentensi.

Kwenye kazi hiyo, neno zima ndilo linalotakiwa. Padi ya kugusa ya kompyuta ndogo haina usahihi wa herufi moja. Bila msaada huo utaacha "a" ya mwisho nyuma au utabeba herufi ya neno la jirani. Usisahau pia mwenzake, ule mpangilio wa "Use smart cut and paste", ambao hurekebisha nafasi unapokata na kubandika. Ukiuzima, kila neno unalolihamisha lina hatari ya kuacha nafasi mbili nyuma yake, na huko linakokwenda kugandana na neno la mbele.

Anayetaka usahihi wa herufi anao tayari: Shift pamoja na vitufe vya mishale. Kibodi haipanui chochote. Au atumie F8: mara moja inawasha hali ya kupanua uteuzi, mara ya pili inachagua neno, ya tatu sentensi, ya nne aya, ya tano waraka wote. Shift na F8 hurudisha hatua moja nyuma, Esc inatoka. Hakuna kuburuta kokote.

Mtumiaji wa Emacs

Nadhani mnabishania nusu ya tatizo. Kilichoifuta "nyumba" ni kuandika juu ya eneo lililochaguliwa. Kuchagua peke yake hakufuti kitu. Kwenye Emacs, kihariri cha maandishi, chaguo-msingi (hali ambayo programu huja nayo) ni kwamba ukichagua kisha ukaandika, maandishi mapya huingia na ya zamani hubaki. Anayetaka yafutwe huwasha `delete-selection-mode` kwa hiari yake. Word nayo inayo njia: palepale kwenye "Editing options", toa tiki kwenye "Typing replaces selected text". Baada ya hapo kufuta kunahitaji ubonyeze Delete, na jicho linapata nafasi ya kuona kilichochaguliwa.

Mwandishi wa programu

Mimi naona swali kubwa ni nani anaamua neno linaishia wapi, na hapa Kiswahili kinaumia kweli. Kwenye VS Code, kihariri cha waandishi wa programu, bofya mara mbili "kung'ang'ania". Utapata "kung", au "ang", au "ania", kutegemea ulipobofya. Ritifaa, yaani alama `'`, imo kwenye orodha ya vitenganishi, mpangilio unaoitwa `editor.wordSeparators`. Kanuni ya kukata maneno ya Unicode, kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta, iitwayo UAX #29, inasema ritifaa iliyo kati ya herufi mbili haikati neno. Ila kihariri hiki kinafuata orodha yake, na orodha hiyo imepangwa kwa kuangalia kodi ya programu.

Usiifute ritifaa kwenye mpangilio wa jumla. Ukifanya hivyo, kwenye lugha ya programu ya Python ukibofya mara mbili jina lililo ndani ya `'Amina'` utabeba na alama zake mbili, na ukibandika ndani ya alama nyingine mbili zinakuwa nne. Iondoe kwa aina ya faili. Fungua `settings.json`, andika sehemu ya `"[markdown]"` na nyingine ya `"[plaintext]"`, nakili ndani yake orodha nzima ya vitenganishi, kisha ondoa `'` peke yake. Kumbuka kwamba ndani ya JSON, muundo wa faili hilo la mipangilio, alama `\` na `"` lazima zitanguliwe na `\`, la sivyo faili litakuwa na kosa la kisintaksia.

Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kuandika ritifaa iliyopinda, ’, ambayo haimo kwenye orodha ya vitenganishi. Kubofya kunakaa sawa, lakini utafutaji unaharibika: ukitafuta "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka, "ng’ombe" haitoki. Kwenye mradi wa watu wengi hilo ni baya kuliko kubofya vibaya.

Mtumiaji wa Vim

Vim, kihariri cha amri za kibodi, ina ugonjwa huohuo wa ritifaa. Dawa ni `:setlocal iskeyword+='` kwenye faili za maandishi ya kawaida, na baada ya hapo `viw`, amri ya kuchagua neno, inaichukua "ng'ombe" nzima.

Lakini nataka mhariri na mwanzisha mada watazame kitu kingine. `diw` inafuta neno na kuiacha nafasi ya pembeni. `daw` inafuta neno pamoja na nafasi. Programu haibahatishi nia yako, wewe ndiye unayesema. Ubishi wa "neno zima au herufi" unatokana na kipanya kuwa na ishara moja tu kwa nia mbili tofauti.

Onyo moja kwa wanaoanza: kwa chaguo-msingi uteuzi wa Vim huhesabu na herufi iliyo chini ya kishale, kwa hiyo anayetoka Word hufuta herufi moja zaidi. `:set selection=exclusive` inaondoa tofauti hiyo.

Fundi wa msaada wa kompyuta

Kuna madhara ya nje ya vihariri. Firefox kwenye Windows, mpangilio wake mmoja ukiwa `true`, ukibofya neno mara mbili huchukua na nafasi inayofuata. Mtu ananakili namba ya kumbukumbu ya malipo, anaibandika kwenye fomu, fomu inaikataa, na anayekodolea macho haoni kosa kwa kuwa nafasi haionekani. Fungua `about:config`, tafuta `layout.word_select.eat_space_to_next_word`, iweke `false`. Kwa kompyuta za ofisi zinazojaza fomu kutwa nzima, mimi ningeifanya hivyo kwenye zote.

Mwanzisha mada

Ndugu mhariri, nakubali kuhusu ngeli za neno moja moja, hilo umelipima vizuri. Lakini hukujibu kuhusu hasara. Msaada ukikosekana, "a" inabaki na unaiona palepale. Msaada ukizidi, neno ambalo mwandishi hakuligusa linaondoka, na Ctrl+Z haimsaidii asiyejua kwamba kuna kilichoondoka. Ndiyo maana chaguo-msingi liwe herufi. "Smart cut and paste" ibaki na tiki yake, ile sina ugomvi nayo.

Mhariri wa magazeti

Kwa wasahihishaji wanaoshughulikia kiambishi kwa kiambishi, sawa, izimwe. Kwa waandishi wa habari bado nasema ibaki. Na mtumiaji wa Emacs amenishawishi zaidi yako: kwenye mashine za wanafunzi wa uhariri, ile ya kuandika juu ya uteuzi ndiyo ningeizima kwanza.